Kupunguza joto ndani ya boneti ya gari la turbo: kutoboa ni hatua ya mwisho

Swali huja kwa sura ileile. Mtu ana Subaru ya turbo, yaani yenye kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi: Forester XT au Impreza WRX. Ekzosi imeshapanuliwa, kompyuta imeandikwa upya, busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, imepandishwa. Sasa rangi ya boneti juu ya turbo inapauka, klipu za plastiki zinavunjika ukizigusa, na gari likishapanda mlima mara moja kwa nguvu, mara ya pili halina pumzi. Kisha anauliza: "Fundi, nitoboe boneti wapi?"

Usitoboe bado. Mara nyingi ninachokikuta chini ya boneti kama hiyo ni feni moja isiyozunguka, thamostati (valvu ya maji inayofunguka yakipata joto) iliyotupwa zamani, na kinga ya turbo iliyong'olewa na fundi fulani kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Tundu kwenye boneti haliponyi hata kimoja kati ya hivyo. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaouamini: ponya mfumo wa maji, fungia joto ndani ya ekzosi, kinga vilivyo jirani, elekeza hewa, halafu ndipo uitazame boneti. Nimewafikiria zaidi wenye Subaru kwa kuwa ndizo zimejaa Nakuru na Kisumu, lakini mwenye Volkswagen Golf GTI au Mitsubishi Evo atafuata njia hiyohiyo.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Ukikanyaga mafuta mlimani, moshi unaoingia kwenye turbo huweza kufika nyuzi 800 hadi 950 za Selsiasi. Chuma cha turbo upande wa moshi, pamoja na daunpaipu inayotoka hapo, hurusha joto hilo pande zote. Kila kilicho karibu hulipokea: hozi, nyaya, mafuta ya breki, betri, na intakula, ile rejeta ya hewa ambayo Subaru nyingi huiweka juu ya injini, shubiri chache kutoka kwenye turbo yenyewe.

Halafu kuna mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo inapopita kwenye rejeta. Turbo nayo hulazimika kukaza zaidi: ukitaka ndani ya injini presha ileile ambayo Mombasa ungeipata kwa busti ya baa 1, hewa ya hapa itatoka kwenye turbo ikiwa imepata nyuzi 30 hivi za ziada, hata kama joto la nje ni sawa. Na maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94 Nakuru, 96 Kisumu, 91 ukifika Timboroa. Basi, nadharia imeisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bunduki ya joto ya kiwandani, inayosoma hadi nyuzi 500 au zaidi. Ile tuliyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona haifai. Imetengenezwa kwa mwili wa binadamu na ikifika nyuzi 40 na kitu inakata tamaa.
- Kifaa cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya gari kusoma kompyuta yake, na programu ya kukisoma kwenye simu. Subaru za Kijapani za miaka ya tisini hazizungumzi na vifaa hivi vya bei rahisi; kwa hizo funga geji ya joto la maji.
- Kulanti (dawa ya maji ya rejeta) mpya na maji safi yasiyo na chumvi. Kwenye vituo vya petroli huuzwa kama maji ya betri. Soma chupa, kwa maana asidi ya betri hukaa kwenye rafu hiyohiyo.
- Blanketi la turbo la saizi ya turbo yako.
- Bandeji ya ekzosi ya upana wa milimita 50. Paipu ya inchi 3 yenye urefu wa mita moja humeza takriban mita 6, kwa hiyo roli la mita 10 linatosha na kubaki.
- Tai za chuma cha pua, za kufungia bandeji. Zile za plastiki zitayeyuka siku ya kwanza.
- Soksi za joto za kuvisha hozi na nyaya, zenye uso wa kung'aa.
- Kipande cha bati la alumini na kingine cha chuma cha pua, unene wa milimita 1 hivi.
- Sponji ngumu au raba ya mlango wa gari, ya kuziba mianya.
- Jeki na stendi mbili imara. Jeki peke yake isikushawishi uingie chini ya gari.
- Glavu, miwani, barakoa, na kizima moto cha poda kiwe karibu na mkono.

Injini iwe imepoa kabisa kabla ya kazi yoyote iliyoandikwa hapa chini, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Turbo hukaa na joto muda mrefu kuliko unavyodhani.

Hatua kwa hatua

1. Pima gari jinsi lilivyo. Usiporuka hatua hii utajua fedha yako ilifanya nini. Chagua kilima kimoja na ukitumie hichohicho kila mara, saa ileile, mzigo uleule. Kutoka Nakuru napendelea barabara ya Njoro kwenda Mau Narok: inapanda kwa muda mrefu na haina malori mengi kama Salgaa. Walio Kisumu wana kilima cha Riat kwenye barabara ya Kakamega. Hakuna haja ya kukimbia; mzigo wa mlima kwa mwendo halali unatosha kuonyesha ugonjwa.

Andika joto la maji na joto la hewa inayoingia. Mshale wa dashibodi usiutegemee, kwa sababu magari mengi yametengenezwa mshale utulie katikati hata maji yakipanda nyuzi kumi na zaidi. Ukiuona umeanza kusogea, umechelewa. Jambo jingine la kujua: kwenye Subaru nyingi kihisi cha joto la hewa kiko karibu na kichujio cha hewa, kabla ya turbo. Kinakuambia injini inavuta hewa ya aina gani, hakikuambii intakula inafanya kazi vipi.

Ukifika juu, egesha mahali salama, zima, fungua boneti, na upime kwa bunduki: kopo la mafuta ya breki, sanduku la fyuzi, betri, intakula, na chini ya boneti juu ya turbo. Funga boneti, subiri dakika kumi, upime tena. Namba za pili mara nyingi huwa kubwa kuliko za kwanza, maana hewa imesimama na turbo bado inatoa joto. Chuma kinachong'aa hudanganya bunduki na kusoma chini sana. Bandika kipande cha selotepu ya karatasi kwenye intakula na upime hapo. Kwenye ekzosi usibandike kitu, paka alama ndogo ya rangi nyeusi ya joto kali.

2. Ponya mfumo wa maji. Hapa ndipo magari mengi hupona, na ndipo watu hawataki kuanzia kwa sababu hakuna cha kupiga picha.

Anza na thamostati. Huku kwetu kuna desturi ya kuitoa gari likichemka mara moja, na mteja anaondoka akiwa amefurahi kwa sababu mshale umeshuka. Asubuhi injini inakaa baridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, na ugonjwa uliosababisha kuchemka bado upo palepale. Zaidi ya hayo, kwenye baadhi ya injini thamostati ndiyo hufunga njia ya mkato, hivyo ukiitoa sehemu ya maji huzunguka injini bila kupita rejetani. Irudishe. Kwa injini za EJ, familia ya injini iliyo kwenye nyingi ya Subaru hizi, nunua ya kampuni yenyewe, inayofunguka karibu nyuzi 78. Zile ndogo za bei ya chini huwa na mdomo mwembamba na hupitisha maji kidogo.

Kisha kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima cha baa 1.1 huinua kiwango cha kuchemka hapa Nakuru hadi karibu nyuzi 118. Kikilegea springi yake, unarudi kuelekea ile 94. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, kibadilishe bila kufikiri sana. Subaru za turbo huwa na vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo la juu karibu na turbo. Havifanani kazi, usivibadilishane mahali.

Mwaga maji ya zamani. Yakitoka na rangi ya kutu au ya chai ya maziwa, suuza mpaka yatoke meupe. Changanya kulanti mpya nusu kwa nusu na yale maji safi. Maji ya kisima usiyatie: sehemu nyingi za Bonde la Ufa yamejaa madini, nayo huganda ndani ya mirija ya rejeta kama ukoko. Dawa za kuziba matundu ya rejeta nazo ziache dukani. Haziwezi kutofautisha tundu linalovuja na mrija mwembamba unaopeleka maji kwenye turbo.

Kujaza kwenyewe kunahitaji subira. Inua pua ya gari, jaza polepole kupitia tangi la juu, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta kama ipo, washa hita kwa joto la juu kabisa, acha injini iungurume mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hewa iliyonaswa hukaa juu, palepale turbo ilipo.

*Onyo:* usifungue kifuniko injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Presha ikitoka, maji yaliyokuwa yametulia kwenye nyuzi 105 hugeuka mvuke papo hapo, usoni pako.

3. Osha rejeta, kagua feni, ziba mianya. Toa tope na wadudu waliokaa kati ya rejeta na kondensa ya AC. Barabara za vumbi za Molo na Njoro hujaza nafasi hiyo, na wa Kisumu wana wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu. Tumia maji ya mpira yenye nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta, na yakilala hewa haipiti tena.

Washa AC gari likiwa limesimama; feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Weka karatasi mbele ya rejeta: inapaswa kunaswa na kushikiliwa. Ikisukumwa mbali, aliyetengeneza feni aligeuza nyaya, na feni inapigana na upepo wa barabarani. Kama feni imeunganishwa moja kwa moja na swichi ili izunguke wakati wote, rudisha relei na kihisi. Hiyo ni njia ya kufikia nyumbani, haistahili kubaki kwenye gari mwaka mzima.

Sasa angalia pembeni ya rejeta. Hewa hupenda njia rahisi. Ikipata mwanya wa vidole viwili kati ya rejeta na fremu, itapita hapo na kuiacha rejeta. Ziba kwa sponji ngumu pande zote, juu hasa. Hakikisha fremu ya plastiki inayozunguka feni ipo. Kama umeweka intakula kubwa ya mbele, hatua hii ni ya lazima, kwa maana rejeta sasa inapokea hewa iliyokwisha kupashwa.

4. Rudisha kinga za kiwandani. Subaru hutoka kiwandani na vibati vya kinga juu ya turbo na kwenye daunpaipu. Boliti zikishika kutu, kinga hulia, na fundi huing'oa. Tafuta nyingine kwa wauza vipuri vya mitumba, au ikaze ya zamani kwa boliti mpya na washa kubwa. Kwa wengi hii na hatua ya 2 zinatosha, kazi ikaishia hapo.

5. Vika turbo blanketi. Blanketi hufunika ile konokono ya chuma cha moshi peke yake. Lisipande katikati penye beringi na mirija ya oili na maji, wala upande wa alumini unaosukuma hewa. Hizo sehemu zinahitaji kupumua. Lifunge kwa waya wake wa chuma mpaka lisicheze, kisha vuta mirija ya oili isiliguse.

Kabla ya kulivika, kagua kama turbo inavuja oili. Blanketi likinyonya oili huwaka, na huwaka ukiwa barabarani. Kama kuna unyevu wowote wa oili, tengeneza kwanza, hata kama umeshanunua blanketi na mkono unakuwasha kulifunga.

6. Funga daunpaipu bandeji. Ishushe paipu. Kuifunga ikiwa garini kunawezekana, ila utaifunga vibaya upande usiouona. Isugue kutu kwa brashi ya chuma na kagua nyufa.

Lowesha bandeji kwenye ndoo ya maji. Hukaza zaidi ikikauka, na nyuzi zake za kioo hazirukiruki. Vaa glavu na mikono mirefu, la sivyo utajikuna mpaka kesho. Anza kwa tai moja ya chuma, zungusha ukivuta kwa nguvu, kila mzunguko uupande uliotangulia kwa milimita 6 hivi. Kupandisha nusu kwa nusu ni kutupa bandeji na kulimbikiza joto mahali pamoja. Acha flenji, boliti na kihisi cha oksijeni wazi.

Safari ya kwanza itatoa moshi na harufu kali. Ifanye nje, uwanjani, boneti ikiwa wazi na kizima moto kikiwa karibu. Moshi huo mweupe hupungua baada ya kupasha na kupoza mara mbili tatu.

*Onyo:* manifoldi (paipu zinazokusanya moshi kutoka kwenye injini) ya chuma cha kumimina usiifunge bandeji, hupasuka. Paipu ya chuma cha kawaida, isiyo chuma cha pua, italiwa na kutu haraka kwa sababu bandeji hushika unyevu, na ukikaa Kericho ambako mvua haijui msimu, itakwisha mapema zaidi. Kwa paipu hiyo afadhali kinga ya bati au upakaji wa seramiki.

7. Kinga vilivyo jirani. Tembeza mkono, injini ikiwa baridi, kuanzia kwenye turbo kuelekea nje. Waya au hozi yoyote iliyo ndani ya shubiri moja isogezwe kwanza. Kusogeza ni bure, na umbali mdogo tu hupunguza sana joto linalofika. Isiyosogezeka ivike soksi. Mirija ya petroli na ya breki ipewe kipaumbele.

Palipo na nafasi, tengeneza ukuta wa bati kati ya turbo na kopo la breki. Acha mwanya wa milimita 10 hadi 15 kati ya bati na unachokikinga. Ni hewa ya kwenye mwanya huo inayofanya kazi kubwa. Mafundi wa jua kali, Kibuye au hapa Nakuru, watakukunjia bati hilo kwa muda mfupi, na wale wanaofua sufuria wana alumini nzuri kabisa. Alumini iwe mbali kidogo, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 660. Karibu na turbo tumia chuma cha pua. Fundi akikupa bati la nyumba, kataa. Zinki iliyopakwa juu yake ikipata joto kali hutoa moshi wa sumu.

Karatasi ya dhahabu ya kujibandika watu wanaipenda. Inafaa kwenye sanduku la kichujio na paipu za intakula, ikiwa safi na uso wake umeelekea kwenye joto. Kuibandika juu ya ekzosi ni mapambo ya siku moja.

8. Lisha injini hewa ya nje. Kichujio cha wazi kilichowekwa ndani ya boneti bila sanduku ni sauti nzuri na hewa ya moto. Linganisha namba yako ya hewa inayoingia na joto la nje. Ukiwa kwenye mwendo, tofauti ya nyuzi 5 hadi 10 ni ya kuvumilika. Ikiwa 25, unapika hewa kabla ya kuipa turbo. Rudisha sanduku la kiwandani pamoja na pua yake inayochungulia mbele, au jenga sanduku la alumini lenye raba inayobana chini ya boneti.

Kwenye Subaru zenye intakula juu, kagua raba inayounganisha mdomo wa boneti na intakula. Ikichanika, hewa inayoingia pale mdomoni humwagika pembeni bila kupita kwenye mapezi. Nimeona gari likihangaikiwa kwa intakula mpya wakati raba hiyo ilikuwa inaning'inia kama mdomo wa mbwa mzee.

9. Angalia chini ya gari. Hewa iliyopita rejetani lazima itoke, na njia yake kubwa ni chini na nyuma ya injini. Sahani ya plastiki ya chini, ile ambayo matuta yetu huing'oa, husaidia kuivuta hewa hiyo itoke. Bila yake, upepo wa chini ya gari huingia ndani ya boneti na kuzuia ya rejeta isipite. Irudishe. Kama umechomelea sahani ya chuma ya kukinga sampu, hakikisha haikuziba nyuma, na matundu yake yafunguke kuelekea nyuma.

10. Sasa boneti, kama bado unaihitaji. Rudia kipimo cha hatua ya 1. Ikiwa maji yanatulia chini ya nyuzi 100 mlimani na gari halipotezi nguvu mara ya pili, weka drili chini.

Kama bado, usikisie mahali. Chukua mrija mwembamba unaoonyesha ndani, tia maji yenye rangi, uukunje kwa umbo la U na uubandike kwenye dashibodi upande wa abiria. Ncha moja ipitishe hadi juu ya boneti, ibandike pale unapotaka kutoboa, mdomo wake ukiwa sambamba na bati. Ncha ya pili iache ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, mbali na mkondo wa feni. Endesha kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huku abiria akisoma. Dereva macho barabarani. Maji yakipanda upande wa ncha ya juu, presha ya juu ni ndogo na hewa itatoka. Yakipanda upande wa pili, tundu lako litaingiza hewa.

Kwa magari mengi mahali pazuri huwa nyuma tu ya rejeta, theluthi ya mbele ya boneti. Karibu na kioo cha mbele presha huwa kubwa. Ndiyo maana wale wanaoinua nyuma ya boneti kwa washa hupata nafuu wakiwa kwenye foleni na hasara wakiwa barabarani, pamoja na harufu ya injini ndani ya gari kupitia matundu ya hewa ya kabini.

Ukitoboa, kata kati ya mbavu za boneti, usizikate mbavu zenyewe. Weka trei ndogo chini ya matundu ya kupeleka maji ya mvua pembeni, mbali na koili na sanduku la fyuzi.

Gari likikataa

*Joto hupanda kwenye foleni, hushuka ukitembea.* Feni, relei yake, au fremu ya feni. Rudi hatua ya 3.

*Hutulia kwenye foleni, hupanda mlimani.* Rejeta imeziba ndani, pampu ya maji imechoka, au hewa haitoki chini. Pima rejeta kwa bunduki sehemu mbalimbali injini ikiwa moto. Sehemu iliyo baridi peke yake ni mirija iliyoziba.

*Maji yako sawa, lakini nguvu hupotea mara ya pili.* Hiyo ni hewa, maji hayahusiki. Intakula imelowa joto na kompyuta inarudisha nyuma mwako kuilinda injini. Hatua ya 8, kisha ya 5.

*Harufu ya kuungua haiishi wiki nzima baada ya bandeji.* Tafuta oili inayodondokea ekzosi, mara nyingi kutoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Kwenye injini za EJ vifuniko hivyo viko pembeni, juu kidogo tu ya ekzosi. Usiendeshe mpaka uipate.

*Gari huwa gumu kuwaka dakika kumi baada ya kuzima.* Joto la baada ya kuzima linapika mirija ya petroli. Vika mirija soksi, na ukitoka mlimani endesha taratibu kilomita mbili za mwisho kabla ya kuegesha. Taima ya turbo, inayoiacha injini iungurume kidogo baada ya kutoa ufunguo, inasaidia, ingawa mwendo wa pole husaidia zaidi kwa sababu hewa inapita.

*Namba hazikubadilika hata baada ya blanketi na bandeji.* Angalia kama ulipima siku ya mawingu mara ya kwanza na ya jua kali mara ya pili. Toa joto la nje kwenye kila kipimo, linganisha kinachobaki.

*Viputo kwenye chupa ya akiba, au hozi ya juu ni ngumu asubuhi kabla ya kuwasha.* Moshi wa injini unaingia kwenye maji: gasketi ya kichwa imekufa, na EJ25 zinajulikana kwa hilo. Fedha ya blanketi na bandeji iweke kando, itahitajika kwenye gasketi.